Saa Kumi na Tatu Zilizoibwa

Mwanamke yule alifika getini kwa magongo mawili, jua likiwa bado halijaanza kuchoma, akamwambia mlinzi kwamba anamtaka mtu aliyeutengeneza mguu wake.

Mlinzi akacheka. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na tabia ya kucheka kila asichokielewa. "Mama, hapa tunatia ugumu ncha za keekee, za kutobolea vyuma. Miguu aliitengeneza Mungu."

"Huu wangu Mungu hakuumaliza," mwanamke akajibu. "Uliobaki umetoka kwenye geti hili, na karatasi ya hospitali inasema hivyo. Niitie mwenye kazi yake, la sivyo nakaa hapa hapa mpaka uote mvi."

Sauti ile ndiyo iliyomsimamisha Mama Saa, aliyekuwa akivuka ua na kikombe cha chai mkononi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika pale karakana. Walimwita Mama Saa kwa sababu aligombana na yeyote aliyethubutu kugusa mlango wa chemba, tanuri la karakana, kabla ya wakati wake, awe kibarua, awe meneja, na meneja mwenyewe alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alikuwa mwembamba, umri wake hamsini kasoro kidogo, na jicho lake la kushoto lilikuwa bado jekundu kwa upasuaji aliofanyiwa miezi saba nyuma.

"Mfungulie," akamwambia mlinzi. "Lete na kiti."

Mgeni hakutaka kiti. Alikaa kwenye benchi la mbao lililokuwa chini ya dirisha la ofisi, akanyoosha mguu wake wa kulia uliofungwa kuanzia goti, akajieleza. Yeye ni fundi cherehani. Mwaka jana pikipiki ilimgonga na kumsagia mfupa wa muundi, ikabaki nafasi upana wa vidole vitatu. Daktari wa mifupa akaiziba nafasi hiyo kwa kipande cheusi, akamwambia mfupa wake mwenyewe utaota humo ndani, na baada ya muda asingejua kipi chake na kipi cha kuletwa. Miezi mitano akatembea. Akarudi kwenye cherehani lake la kukanyaga.

"Asubuhi moja nimekaa, nashona kola," akasema. "Nikasikia kah! Nikadhani sindano imevunjika. Naangalia sindano, nzima. Ndipo maumivu yakaja."

"Daktari alisemaje?"

"Kwamba mwili wangu umekikataa. Mwili wangu mimi haukatai kitu. Umezaa watoto sita na umemvumilia mume mmoja miaka ishirini na tano." Akafungua fundo la kitambaa, akakiweka wazi juu ya paja lake. "Walipovitoa niliwaambia wanipe. Ni vyangu. Tazama mwenyewe."

Vilikuwa vipande vinne, na chengachenga. Mama Saa aliweka kikombe chini, akachukua kimoja, akakigeuza upande ulipovunjikia.

Nje kilikuwa cheusi, chenye kung'aa, kama kinavyotakiwa. Ndani kilikuwa cheupe kama chaki.

Akachukua cha pili. Cheupe. Cha tatu, cheupe. Hasira ikaanza kumpanda, taratibu, kama maji yanayojaa kisimani.

Kuelewa alichokiona, inabidi kujua kazi yenyewe. Karakana ile ilikuwa imeishi miaka mingi kwa kuvisha vyuma koti la kaboni ngumu. Unapanga ncha za keekee ndani ya chemba, unanyonya hewa yote, unaingiza gesi yenye kaboni, na kwa moto na umeme kaboni hiyo inajitenga na kuganda juu ya chuma, nyeusi, ngumu kupita kioo. Kisha miaka mitatu iliyopita hospitali kubwa ikaleta mzigo wa namna nyingine: vipande vya kauri vyenye vitundu vingi kama sifongo, vya kuzibia mapengo ya mifupa. Vitundu vile vilikuwa vya lazima, maana humo ndimo mfupa hai unamoingia na kuota. Lakini vitundu hivyohivyo viliifanya kauri kuwa dhaifu. Ukiibana kwa vidole inamomonyoka. Vibarua waliiita biskuti.

Mama Saa alihangaika na biskuti zile mwaka mzima. Gesi ikiingizwa kwa pupa, kaboni yote inaishia mlangoni. Vitundu vya juu vinaziba, na ndani hakifiki kitu. Ikiingizwa kidogo kidogo, kwa moto mdogo, inapenya mpaka katikati na kukivisha kila kijiukuta cha ndani koti lake, na vitundu vinabaki wazi. Hilo lilihitaji saa kumi na nane. Alijaribu kumi na tano, alijaribu kumi na sita, akarudi kwenye kumi na nane. Kipande kilichokaa saa hizo ungeweza kukikata popote ukakikuta cheusi tii, na mtu mzima angeweza kukirukia.

Kwa hiyo weupe ule ulikuwa na maana moja tu.

"Nipe karatasi yako," akasema. Iliandikwa: mkupuo wa ishirini na saba, yaani mzigo wa ishirini na saba kupikwa ndani ya chemba. "Usiondoke hapa. Mtu akikuambia uondoke, mwambie Mama Saa amekataa."

Daftari la kazi lilikuwa kwenye rafu ya chemba. Mikupuo ya ishirini na sita, saba na nane ilipita katika zile wiki tatu alizokuwa nyumbani na bandeji jichoni. Mwandiko ulikuwa wa mdogo wake, mzuri, wa kulala upande, na kwenye safu ya muda aliandika mara tatu: saa kumi na nane. Mama Saa akashusha pumzi. Labda kosa ni lake mwenyewe, labda kauri yenyewe ilikuja mbovu. Lakini hakuwa mtu wa kuamini mwandiko. Chemba ina kalamu yake yenyewe, inayochora mstari kwenye karatasi ya kuviringwa muda wote moto ukiwaka, na hakuna aliyewahi kuzitupa karatasi zile kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekataza. Akafungua kabati, akatafuta tarehe, akaikunjua karatasi juu ya meza na kuupima mstari kwa rula.

Saa tano. Akaupima tena. Saa tano. Mkupuo uliofuata, saa tano. Uliotangulia, saa tano na dakika kumi.

Aliingia ofisini kwa mdogo wake bila kubisha hodi. Mdogo wake alikuwa kwenye simu, shati jeupe, nywele zimechongwa vizuri, akamwonyesha kidole kimoja kumaanisha angoje kidogo. Mama Saa akaichukua simu ile kutoka sikioni mwake na kuiweka mezani kifudifudi.

"Mkupuo wa ishirini na saba ulikaa saa ngapi?"

"Dada, nilikuwa naongea na mteja."

"Saa ngapi?"

"Si imeandikwa kwenye daftari?"

"Nimekuuliza wewe, sijaliuliza daftari." Akaitandaza karatasi ya chemba juu ya meza, juu ya makaratasi yake yote. "Soma. Umesoma shule nyingi kuliko mimi, nisomee."

Mdogo wake hakuisoma. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi, akakaa. Alipoongea alitumia ile sauti yake ya upole anayowapokelea wageni, na hiyo ikazidi kumtia dada yake wazimu.

"Hospitali walikuwa wananipigia kila siku. Kila siku, Dada. Watu wamelala vitandani na vyuma miguuni, wanangoja. Wewe huku uko nyumbani na jicho limefungwa. Chemba ni moja, na ncha za keekee nazo zinasubiri. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia wangoje."

"Rahisi kusema."

"Ni rahisi! Neno moja! Hata mtoto analijua!"

"Punguza sauti. Na tulivipima. Tulivikwaruza kwa chuma, havikutoka hata mchirizi. Vilipita."

"Ulikwaruza ngozi!" Mama Saa akapiga meza, kikombe cha kalamu kikaanguka. "Umeshona suruali ya mbele tu, nyuma mtu yuko uchi, halafu unajisifu kwamba vifungo vimekaa! Ndani mle hamna kitu. Ni chaki. Na vitundu umeviziba, mfupa wake ungeota wapi? Ungepitia wapi?"

"Kimevunjika kimoja."

"Kimoja umekijua leo kwa sababu mwenye nacho ana mdomo!"

Mdogo wake akavuta droo, akatoa faili, akafungua ukurasa na kuugeuza ili dada yake auone vizuri.

"Na hii sahihi," akasema, "ni ya nani?"

Ilikuwa yake. Chini ya karatasi ya kuruhusu mzigo utoke, chini ya maneno yanayosema kwamba kipande kimoja katika kila mkupuo kimekatwa na kukaguliwa ndani, palikuwa na sahihi ya Mama Saa. Akaikumbuka siku hiyo. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi kazini. Gari la hospitali lilikuwa linanguruma uani, jicho lilikuwa linamwagika machozi, na mdogo wake alisimama pembeni na kalamu, akisema, saini tu hapa Dada, tumekwisha kukata, tumekwisha kuona. Naye akasaini. Yeye, anayegombana na watu kwa dakika tano.

Hapo hasira yake ikakosa pa kukanyaga. Ilisimama katikati ya chumba, haijui imrukie nani.

"Kwa hiyo tutulie," mdogo wake akasema, kwa upole uleule. "Huyu mama tutamtengenezea kipande kingine, kizuri, wewe mwenyewe utakisimamia. Na wengine wakija, vilevile. Kimya kimya. Usimwage mtama."

"Vimetoka vingapi?"

"Arobaini na vinne."

"Wape hospitali namba za mikupuo."

"Siwezi. Watatufungia."

"Watufungie!"

Mdogo wake akaokota simu yake. Hakumpigia mteja, alimpigia mama yao.

Mama yao alifika adhuhuri kwa teksi, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo watu walinyamaza ili waisikie. Karakana ilisimama juu ya kiwanja chake, na hilo hakuna aliyelisahau. Alikaa kwenye kiti cha mwanawe, akamsikiliza mmoja, akamsikiliza wa pili, mikono juu ya mkoba.

"Nimeelewa," akasema mwishoni. "Amekosea. Tena amekosea sana. Lakini mtu wetu akianguka tunamwinua wenyewe. Hatuiti mtaa mzima uje kutazama."

"Mama, walioanguka ni wengine. Arobaini na wanne."

"Huyu ni mdogo wako. Nilikukabidhi umshike mkono siku ya kwanza ya shule."

"Nimeushika mkono wake miaka arobaini! Na mguu wa yule pale nje, nani anaushika?"

Mama yao akageuza shingo, akatazama dirishani. Fundi cherehani alikuwa palepale kwenye benchi, magongo yameegemezwa ukutani, anajipepea kwa karatasi ya hospitali. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Mama Saa akaanza kutumaini.

"Mpeni chai," mama yao akasema.

"Chai!" Mama Saa akahisi kichwa chake kinapasuka. "Mguu wake umekatika mara mbili, Mama, unampa chai?"

"Usinipandishie sauti."

"Nyote mnaogopa sauti yangu. Hakuna hata mmoja hapa anayeogopa alichokifanya!"

Akatoka na kuubamiza mlango, vioo vikalia. Huko nje akakuta jambo lililomaliza subira yake yote: gari jeupe la hospitali lilikuwa limerudi nyuma mpaka mlangoni mwa stoo, na mtunza stoo alikuwa anatoka na sanduku kifuani.

"Hicho nini?"

"Vilivyobaki vya mkupuo wa ishirini na nane," mtunza stoo akasema. "Ishirini na viwili. Meneja ameniambia sasa hivi kwa simu nivitoe haraka."

Sasa hivi kwa simu. Kwa hiyo, wakati mama yao anatazama dirishani, mwanawe alikuwa anaandika ujumbe chini ya meza.

Mama Saa hakupiga kelele. Alilichukua lile sanduku kutoka mikononi mwa mtunza stoo, naye mtunza stoo akaliachia, kwa sababu, kama alivyosimulia baadaye, uso ule hakuwahi kuuona kabla. Akalipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kukandamiza iliyokuwa wazi mbele ya karakana, ile ya kupimia uimara. Akaweka kipande cha kwanza. Akavuta mkono wa mashine. Sindano ya geji haikuwahi hata kufika kwenye namba ya kwanza kubwa: kipande kikapasuka, unga mweupe ukaruka.

"Njooni muone!" akaita, na sasa sauti yake ilijaa ua wote. "Njooni! Dereva, shuka, njoo uone ulichokuwa unakipeleka!"

Vibarua wakatoka. Dereva akashuka. Fundi cherehani akachukua magongo yake, akaja akijikokota, watu wakampisha mbele.

Cha pili, kah. Cha tatu, kah. Kila kikivunjika Mama Saa alikisukuma pembeni kwa mkono, akaweka kingine. Unga ulimpaka mikono mpaka kwenye viwiko kama mtu anayekanda ngano. Mdogo wake akaja mbio kutoka ofisini, tai imepinda.

"Umerukwa na akili? Unavunja mali ya mama!"

"Mama yuko pale mlangoni. Mwache aje anizuie mwenyewe."

Mama yao alikuwa kweli amesimama mlangoni. Hakuja.

Mdogo wake akamshika mkono. Mama Saa akamgeukia, macho yote mawili mekundu sasa. "Toa mkono wako," akasema, "au nitauweka humu." Akautoa.

Alipobakiza viwili, akavitia mfukoni. Kisha akaenda kwenye kabati lake, akarudi na kipande kimoja cha mkupuo wa ishirini na tano, kazi yake mwenyewe, akakiweka kwenye mashine na kuvuta. Sindano ikapanda. Ikapita namba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaning'inia kwenye ule mkono kwa uzito wake wote, miguu ikaondoka chini, na kipande kikakaa tu pale, cheusi, kimya.

Hakuna aliyepiga makofi. Fundi cherehani alikitazama kile kipande.

"Kwa hiyo mlikuwa mnajua kukitengeneza," akasema. "Mlikuwa mnajua."

Baadaye Mama Saa alisema angetamani kutukanwa kuliko kuambiwa vile.

Alikwenda hospitali kwa gari lilelile jeupe, yeye nyuma na karatasi za chemba mapajani, fundi cherehani mbele kwa sababu ya mguu. Hawakuongea njia nzima. Dereva naye alijifanya barabara inamhitaji sana.

Daktari wa mifupa alikuwa mtu mkubwa wa mwili mwenye mikono midogo kama ya mtoto. Alimsikiliza akiwa amesimama, kwenye kijichumba chenye picha za mifupa zilizobandikwa juu ya taa. Mama Saa alieleza yote: saa tano, weupe wa ndani, vitundu vilivyoziba. Akakata kipande kimoja cha mfukoni kwa kijisumeno alichokuja nacho, akamwonyesha.

"Na nani aliyeidhinisha mzigo?" daktari akauliza.

"Mimi. Sahihi ni yangu."

"Uliukagua?"

"Sikuukagua. Niliambiwa umekaguliwa, nikasaini."

Daktari akaitupa kalamu yake ukutani. Ilivunjika, wino ukaacha doa. "Kumi na mmoja!" akafoka. "Watu kumi na mmoja wamerudi kwangu! Nimewaambia miili yao imekataa. Kuna mzee mmoja nimemgombeza mbele ya wajukuu zake, nikamwambia ametembea mapema, kosa ni lake. Amelia, yule mzee! Kumbe ni wewe. Toka. Toka ofisini kwangu."

Mama Saa akainuka. Alikuwa amefika mlangoni daktari aliposema, bila kumtazama, "Usitoke. Kaa. Anza upya, polepole. Nataka kila namba."

Wakaandika mpaka jioni. Kesho yake hospitali ikaanza kuwaita watu, mmoja mmoja, wengine kutoka mbali, na kuwapiga picha. Vipande kumi na tisa vilitolewa kwa jumla. Vingine vilikuwa katika mifupa isiyobeba uzito mkubwa, vikaachwa kwa kuangaliwa. Wakaguzi wa serikali walikuja na kufuli, wakaifunga karakana miezi minne. Kila aliyehojiwa alisaini maelezo yake. Mdogo wake alisema alikosea muda kwa kutojua. Alidai kwamba aliamini kwa dhati saa tano zinatosha kwa kuwa kipimo cha nje kilipita. Mama Saa alisema aliyoyafanya yeye, akanyang'anywa ruhusa ya kuidhinisha kazi kwa mwaka mzima. Vibarua walikaa nyumbani. Baadhi yao walimlaumu yeye kuliko meneja, na walipokutana naye njiani walivuka upande wa pili.

Mama yao hakumpigia simu. Mama Saa naye hakupiga. Mara mbili alishika simu, mara mbili akakumbuka lile neno "chai", akairudisha.

Alimtembelea fundi cherehani baada ya upasuaji wake wa tatu. Walikuwa wamemtia bamba la chuma. Mguu ulikuwa umepungua urefu kidogo, na wanawe walikuwa wamefunga mota kwenye cherehani ili asikanyage tena.

"Ningeweza kukutengenezea kipande chenyewe," Mama Saa akasema. "Cha kweli. Ningekaa mlangoni mwa chemba saa zote kumi na nane."

"Ukiniletea tena biskuti yako nitakupiga nayo." Fundi cherehani alikata uzi kwa meno. "Na ujue nimekukasirikia na wewe. Usidhani kwa kuwa tulipanda gari moja basi tumekuwa ndugu. Ulisaini."

"Nilisaini."

"Haya. Nishikie hapo, kitambaa kinateleza."

Mama Saa akashika kitambaa mpaka mshono ukaisha, kisha akarudi nyumbani.

Mdogo wake alikuja Jumamosi moja asubuhi, wiki ya mwisho kabla ya karakana kufunguliwa. Mama Saa alikuwa uani kwake anaanika mashuka. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Mdogo wake alikuwa amekonda, na shati lake halikupigwa pasi.

"Dada, nina neno."

"Sema, nina kazi."

"Siku ile ya mkupuo wa ishirini na sita. Uliotangulia." Akashika kamba ya kuanikia. "Nilikata kimoja. Kama unavyofanya wewe. Nilikikata kwa msumeno, nikakiona cheupe."

Mama Saa akabaki na shuka mikononi, maji yanamchuruzika viatuni.

"Ulikiona."

"Nilikiona. Nikaosha msumeno. Nikajiambia labda ni hicho kimoja. Halafu sikukata kingine, kwa sababu nilijua." Akajifuta uso kwa kiganja. "Siwezi kulala. Nimemwambia Mama jana. Amesema ninyamaze, yamekwisha. Nikaona nije kwako."

Ilimpanda tena hasira ile ya siku ile, yote, kama vile miezi minne haikupita. Alilitupa shuka kwenye beseni, maji yakawarukia wote wawili.

"Ulikuwa unajua, ukaniwekea kalamu mkononi! Jicho langu linatoka machozi, unaniambia mmekwisha kuona! Na kweli ulikuwa umeona!"

"Nipige ukitaka."

"Nikupige ili iweje? Upate nafuu?" Akalisukuma beseni kwa mguu. "Umekuja kwangu kwa nini? Mimi ndiye niliyevunjika mguu? Nenda kwa daktari. Nenda ukamwambie maneno hayohayo, la msumeno usiliruke."

"Watanifunga, Dada. Kutojua ni kitu kimoja. Kujua..."

"Najua tofauti yake."

Mdogo wake akatazama chini. Akiwa hivyo alifanana sana na yule mtoto wa siku ya kwanza ya shule, na Mama Saa akachukia kwamba ameliona hilo. Akajifuta mikono kwenye sketi, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu vya kutokea na mkoba begani.

"Twende."

"Sasa hivi?"

"Ulitaka lini?"

Walikwenda kwa miguu, kwa sababu Mama Saa hakutaka kukaa naye kiti kimoja. Alitangulia, na mdogo wake akamfuata hatua chache nyuma. Kwenye makutano ya pili mdogo wake akasimama, akasema anaona kizunguzungu, labda warudi Jumatatu. Mama Saa hakugeuka. Alisimama tu, mgongo kwake, akangoja mpaka akasikia viatu vyake vinakuja tena, ndipo akaendelea.

Mlangoni kwa daktari palikuwa na foleni ya watu watatu. Wakangoja zamu yao, wameachiana nafasi ya mtu mmoja katikati. Jina la mdogo wake lilipoitwa, akamtazama dada yake kama anayetaka kushikwa mkono.

"Ingia mwenyewe," Mama Saa akamwambia. "Mimi nipo hapa."

Akaingia. Mlango ukafungwa. Baada ya muda sauti nzito ya daktari ikapanda, ikatikisa mlango, watu wa foleni wakatazamana. Mama Saa alikunja mikono, akaegemea ukuta, akasikiliza mpaka neno la mwisho.